Kaunta buku la matofali: miaka 15 ya udiwani Ufipa

Sikuingia kwenye siasa kwa uchungu wa wananchi. Wenzangu wengi husema hivyo majukwaani, na pengine kwao ni kweli. Mimi niliingia kwa sababu nilikuwa na cherehani na nilijua kuandika muhtasari.

Cherehani yangu ilikaa barazani, kando ya njia iendayo mnadani, katika kijiji kimoja cha uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa. Nilishona sare za shule, vitenge vya kwaya na mara mojamoja suruali za mabwana harusi. Fundi cherehani anajua mambo ya watu kuliko mchungaji. Anajua nani kanenepa, nani kakonda, nani kamshonea mtoto mmoja sare mpya na wa pili akaambiwa asubiri. Na kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne, kila kikundi cha akina mama kilipotafuta katibu, nilitajwa mimi. Mwaka 2005 jumuiya ya wanawake ya chama changu ilikuwa inatafuta majina ya madiwani wa viti maalumu. Mama mmoja akasema, "Mpelekeni fundi, angalau atatuandikia waliyoyasema huko." Nikapelekwa.

Diwani wa viti maalumu hana kata. Ana joho, ana kiti barazani na kura yake inahesabika sawa na ya mwingine, ila akirudi nyumbani hakuna mipaka anayoweza kuionyesha kwa kidole akasema hapa ni kwangu. Miaka ile mitano ya kwanza wanaume wa baraza walitupokea kwa heshima zote, wakatupa kazi ya kushukuru. Mgeni rasmi akimaliza kuongea, "tunamwomba mheshimiwa wa viti maalumu atoe neno la shukrani." Nilitoa shukrani nyingi kipindi kile. Lakini nilikuwa pia nasoma.

Kabrasha la baraza la madiwani ni mzigo. Baraza hukutana kila robo mwaka, siku moja kwa taarifa za kata, siku ya pili kwa taarifa za kamati, na kabrasha lenyewe linatakiwa limfikie diwani siku kadhaa kabla. Kwetu lilitufikia jioni ya kuamkia kikao, tukiwa tumechoka na safari ya lori, wengine wameshaagiza nyama choma. Mwanzoni nilianza kusoma ukurasa wa kwanza kama mtu anayesoma riwaya, nikasinzia kwenye yatokanayo. Mzee mmoja, diwani tangu serikali za mitaa ziliporejeshwa mwaka 1984, aliniona nikihangaika. Akaniambia, "Mwanangu, hili linasomwa kutoka nyuma. Huko mbele ni maneno, huko nyuma ni fedha."

Nikaanza nyuma. Kwenye majedwali ya miradi kuna safu ya fedha zilizoidhinishwa, safu ya zilizopokelewa na safu ya zilizotumika. Usiku mmoja, kwa mwanga wa tochi ya simu, nikakuta mradi wa kisima umepokea sifuri na umetumia milioni nne. Kesho yake nilinyoosha mkono. Nilitetemeka mpaka joho likacheza. Nikauliza, hiyo milioni nne ilitoka wapi kama hakuna kilichopokelewa? Ukumbi ukanyamaza, kisha tukajibiwa kuwa ni makosa ya uchapaji. Huenda yalikuwa kweli. Ila tangu siku ile hakuna aliyenipa tena neno la shukrani, na kabrasha likaanza kunifikia siku mbili kabla.

Mwaka 2010 niligombea kata. Hapo ndipo nilipoijua siasa yenyewe, maana viti maalumu nilipelekwa na kata niliitafuta. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ilikuwa mpya, imepitishwa mwaka uleule, na miaka minne nyuma Mahakama Kuu ilikuwa imeshaifuta takrima, ile ruhusa ya mgombea kuwakirimu wapiga kura. Huko kwetu sheria hizo zilifika zimechoka. Unaingia kwenye kitongoji, unaongea habari za maji na barabara, wanakusikiliza kwa adabu, halafu mzee mmoja anasema kwa upole, "Sasa mama, umetuacha hivihivi?" Sijidai malaika. Nilitoa nauli kwa watu ambao hawakuwa na safari. Niliuza ng'ombe wawili na nikakopa kwa shemeji, na deni lile lilinifundisha jambo ambalo hakuna semina iliyowahi kunifundisha: anayeingia madarakani na deni anaanza kazi akiwa ameshika mkia wa ng'ombe wa mtu. Posho ya diwani ya kila mwezi, kwa miaka ya mwisho niliyokaa, ilikuwa shilingi 350,000. Wenzangu wengi walikimbilia benki mwezi wa kwanza tu baada ya kuapa, wakakopa juu ya posho hiyo, na miaka mitano yote wakawa wanapokea salio la kununulia vocha. Diwani wa namna hiyo akisikia mradi wenye posho ya ukaguzi, masikio yanasimama.

Lakini nataka kusimulia zahanati, maana udiwani wangu wote, mazuri na mabaya, umo ndani ya boma lile, yaani jengo lake ambalo halijaezekwa.

Tangu mwaka 2007 kulikuwa na mpango wa taifa wa afya ya msingi, MMAM, uliolenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Utaratibu tuliouelewa ulikuwa mwepisi: wananchi wanajenga kwa nguvu zao hadi usawa fulani, serikali inakuja kumalizia. Kata yangu ilikuwa na vijiji vinne na zahanati moja. Kijiji cha mbali zaidi kiko chini ya mteremko, masika haipiti hata pikipiki, na mgonjwa hubebwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Kwenye kampeni niliwaahidi zahanati. Sikusema "nitajitahidi." Nilisema "nitajenga." Mpaka leo nikisikia mwanasiasa kijana anatumia neno hilo peke yake, bila "tu," natamani kumvuta pembeni. Angesema "tutajenga," angalau lawama wangegawana.

Watu waliitika kuliko nilivyotarajia. Mwaka 2011, baada ya mavuno, kila kaya ilipangiwa matofali ya kuchoma 100, na matanuri yakawaka kila kitongoji, usiku ukitazama kutoka juu ya mteremko unaona kama vijiji vingine vimezaliwa. Wenye mikokoteni walisomba mawe na mchanga. Mtu akileta zaidi ya matofali yake alipigiwa makofi. Tukachimba msingi, tukaujenga, tukamwaga jamvi. Mimi mwenyewe nilibeba maji kichwani siku tatu mfululizo, nikapigwa picha na mtu wa gazeti la kanisa, nikajiona nimefika.

Mhandisi wa halmashauri alikuja mwaka 2013. Nilikuwa nimeandika barua kumwomba zaidi ya mara tano, lakini nilimwomba baada ya msingi kumalizika. Alizunguka jengo na futi kamba, hakusema neno, akaenda kwenye gari, akarudi na karatasi kubwa iliyokunjwa. Ilikuwa ramani ya zahanati inayotakiwa na wizara. Msingi wetu ulikuwa mfupi, vyumba havikutosha, na chumba cha kujifungulia hakikuwepo kabisa kwa sababu fundi wetu alifuata ramani ya nyumba ya mwalimu. "Mheshimiwa," akasema, "hapa serikali haiwezi kuweka hata bati moja."

Kosa lilikuwa la nani? Nilipokuwa na hasira nilisema ni la halmashauri, kwa kuchelewa miaka miwili kuja kuona. Hasira zilipotulia nilijua ni langu. Nilipaswa kuanza kwa ramani. Nilipaswa kuanza, hata kabla ya ramani, na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji unaotenga lile eneo, ambao nao haukuwepo, kwa hiyo hata ardhi tuliyojengea ilikuwa bado, kwenye karatasi, ni shamba la mtu aliyetukubalia kwa mdomo. Mimi, niliyechaguliwa kwa sababu ya kujua kuandika muhtasari.

Tuliitisha mkutano wa kijiji kuwaambia. Mwenyekiti wa kijiji alinishauri tuseme mradi "umesitishwa kwa muda kupisha taratibu." Nilitamani sana kumsikiliza. Mtu yeyote aliyekaa halmashauri anajua lugha ile: kupisha taratibu, mchakato unaendelea, tupo kwenye hatua nzuri. Inamfunika msemaji kama blanketi. Lakini mle ndani walikuwa watu niliowapima viuno na mabega, wangenisoma. Nikasimama nikasema tumekosea, msingi unavunjwa, na aliyekosea kwanza ni mimi kwa kutouliza.

Walipiga kelele kama robo saa. Kisha bibi mmoja, mjane, akainuka taratibu akijishikilia kwenye fimbo. Hakupiga kelele. Akasema, "Mimi nilileta matofali 300. Watoto wangu hawapo, niliwalipa vijana wafyatue. Hayo 300 yameandikwa wapi?"

Sikuwa nimeyaandika. Tulikuwa tumeandika jumla kwa kila kitongoji: kitongoji hiki matofali 6,000, kile 4,500. Jina la mtu halikuwepo. Nilimjibu hivyo hivyo. Akanitazama akasema, "Basi andika sasa," akakaa.

Kesho yake nilinunua kaunta buku. Lile kubwa, la jalada gumu. Tulikaa siku nne chini ya mwembe, mimi, mwenyekiti, mtendaji wa kijiji na wazee wawili mashahidi, kila kaya ikaja kutaja ilichotoa: matofali, mawe, siku za kazi, fedha, kuku aliyeliwa na mafundi. Waliodanganya walikuwepo, lakini si wengi, maana jirani amekaa palepale anasikia. Na kuanzia hapo, kila mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila miezi mitatu, daftari lilisomwa kwa sauti kabla ya ajenda nyingine yoyote. Kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki, jina kwa jina. Mikutano ikawa mirefu. Vijana walilalamika. Lakini nilikuja kugundua kwamba watu wengi walikuja kusikia majina yao yakisomwa tu, na waliokuwa hawajatoa walikuja kwa kuogopa yasiposomwa. Nimehudhuria mafunzo mengi ya uwazi na uwajibikaji, yale yenye chai na vitafunwa. Hakuna nililojifunza humo likafika nusu ya swali la bibi yule.

Tulianza upya mwaka 2014, kwa ramani sahihi na eneo lenye muhtasari. Na nikawa nimeujua mlolongo. Jambo la kijiji linaanzia mkutano mkuu wa kijiji, linaingia Kamati ya Maendeleo ya Kata ambako diwani ndiye mwenyekiti na mtendaji wa kata ni katibu, linakwenda kwa wataalamu wa halmashauri, linapita kamati za kudumu, ndipo linafika barazani. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, kwa hiyo kitu ambacho hakijaandikwa kwenye mpango wa kijiji mwishoni mwa mwaka uliotangulia, hata ukililia machozi ya damu mwezi wa tano, hakimo. Madiwani wengi wazuri wa kuongea niliowafahamu waliongea mwezi wa tano.

Hadi 2016 boma lilifika kwenye lenta. Hapo likasimama, na sababu zake zilitoka mbali na kijiji chetu.

Mwaka 2017 serikali ilishusha ushuru wa mazao, kutoka asilimia tano hadi tatu kwa mazao ya biashara na mbili kwa ya chakula. Mkulima yeyote angeshangilia, na mimi ni mkulima, nilishangilia. Kisha nikakumbuka kuwa halmashauri ya kwetu inaishi kwa mahindi. Fedha za ndani zikapungua, na ile sehemu iliyopaswa kumalizia maboma ikawa ndiyo ya kwanza kukatwa. Mwaka huohuo TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilianzishwa na barabara zikatoka mikononi mwa halmashauri. Mwaka 2019 RUWASA, wakala mwingine wa serikali, nayo ikachukua maji vijijini. Sisemi ilikuwa vibaya. Barabara zetu nyingine zimelimwa vizuri kuliko zamani. Ila wananchi hawakubadilisha mlango wa kugonga. Daraja likikatika saa kumi na moja alfajiri wanakuja kwangu, sababu mkurugenzi anateuliwa na Rais, mkuu wa wilaya anateuliwa na Rais, meneja wa barabara ana ofisi mjini yenye mlinzi. Katika kata nzima, watu wanaoweza kuondolewa kwa kura ni diwani, wenyeviti wa vijiji na vitongoji na wajumbe wa serikali za vijiji. Kwa hiyo lawama zote hushuka mpaka zikutane na aliyechaguliwa kwa kura, kama maji ya mvua yanavyotafuta bonde.

Mwanzoni mwa 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango mashuleni. Kijijini tangazo lile lilifika limeongezewa chumvi: Rais amesema hakuna michango. Basi. Nilipopita kukumbusha siku za kazi kwenye zahanati, kijana mmoja alinionyesha sauti kwenye simu yake. "Mama, unapingana na Rais?" Utamjibu nini? Nilirudi nyumbani nikashona. Boma likaota nyasi ndani, mbuzi wakawa wanalala humo mvua ikinyesha.

Katika miaka hiyo kilichonibakiza madarakani hakikuwa mradi hata mmoja. Ni misiba. Nasema bila kujivuna wala kuona aibu. Diwani wa kijijini anagongewa alfajiri: jeneza halina mbao, mgonjwa hana nauli ya kwenda hospitali ya mkoa Sumbawanga, mtoto amechaguliwa sekondari hana godoro. Mwaka wangu wa kwanza niligawa mpaka nikafunga duka la vitambaa. Nikajiwekea sheria mbili. Ya kwanza, mchango wangu wa msiba ni uleule kwa kila mtu, awe tajiri wa ng'ombe au mlevi wa komoni, na kila mtu anaujua ni kiasi gani. Ya pili, nikifika msibani siketi kwenye viti vya waheshimiwa. Nakwenda nyuma kwa akina mama, nachota maji, namenya. Wenzangu wanaume wa baraza walisema najishusha. Lakini jikoni msibani ndiko unakosikia kwamba mwalimu mkuu haonekani shuleni tangu Jumatatu, kwamba pampu ya kijiji cha pili ina mwezi haifanyi kazi na fedha za maji zinakusanywa. Mbele kwenye viti unasikia hotuba.

Jambo lililoniuma kuliko boma ni mikopo. Kuanzia 2018 sheria ilizilazimisha halmashauri kutenga asilimia kumi ya mapato ya ndani kuwakopesha bila riba wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nne kwa nne kwa mbili. Nilikisukuma kikundi kimoja cha akina mama kwa nguvu zangu zote. Alikuwemo wifi yangu. Walipata, wakanunua mashine ya kukamua alizeti, mashine ikafanya kazi msimu mmoja, kisha wakagombana na mkopo ukalala. Afisa maendeleo aliponiuliza kwenye kikao, mbele ya watu, nilisema ukweli kuwa mmoja wao ni ndugu yangu na niliwaombea mimi. Nilishauri wafuatiliwe kama wengine. Wifi yangu hakuongea nami miaka miwili. Shemeji, yuleyule aliyenikopesha mwaka 2010, alikuja nyumbani akasema, "Tulikupeleka huko ili utukamate?" Sina hakika hata leo kama nilifanya vizuri. Najua tu kwamba siku ile kama ningeinamisha kichwa, lile kaunta buku lisingekuwa na maana tena, kwa sababu watu wangesema linasomwa kwa wengine.

Julai 2020 nilianguka kwenye kura za maoni za kutafuta mgombea ndani ya chama. Waliokuwepo mwaka ule wanaukumbuka ule msemo ulioenea nchi nzima, kwamba wajumbe si watu wazuri. Mimi walinikumbatia usiku wa kuamkia kura, wakanilia supu, mmoja akaniombea kwa kulia machozi. Nilikuwa wa tatu. Nilimshinda mtu mmoja tu, na huyo alikuwa mgonjwa hakuweza kufika. Sikuwa na kinyongo kwa muda mrefu kama nilivyodhani ningekuwa nacho; miaka 15 inatosha kumwagilia bustani moja. Kilichonishangaza ni simu. Wiki ya kwanza haikulia. Niliipeleka kwa fundi nikidhani imeharibika.

Halafu zahanati ikaisha. Serikali ilileta fedha za kumalizia maboma, sisi tukapata shilingi milioni 50, na mwaka 2022 ikapauliwa. Siku walipokuwa wanapandisha kenchi nilikwenda, nikakaa chini ya mwembe uleule. Diwani mpya, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwalimu aliyeacha kazi, alikuwa juu kabisa na mafundi akishika mbao. Nilitaka kumpigia kelele ashuke, diwani akianguka nani atasaini? Lakini nikakumbuka zile siku tatu za maji kichwani. Nikamwacha.

Mwaka jana alikuja nyumbani jioni. "Shikamoo mama." Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaanza kuzunguka na habari za mvua. Nikamwacha azunguke. Mwishowe akasema wanataka kujenga nyumba ya mganga wa zahanati, kwa sababu mganga amepanga chumba kijiji cha pili na usiku hapatikani. Kaya zimepangiwa matofali. Lakini kuna vitongoji viwili vimekataa, vinasema vilishatoa mengi kipindi kile, msingi ukavunjwa, na sasa ni zamu ya waliokuwa wanatazama. Wengine wanasema hao ni waongo, hawakutoa kitu. Kila mkutano unavunjika.

"Wazee wameniambia lipo daftari," akasema.

Lilikuwa kwenye droo ya cherehani, chini ya vipande vya vitambaa. Nililipangusa nikalifungua. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, kwa mwandiko wangu wa mwaka 2013: jina la bibi yule, na mbele yake 300. Alishafariki, zahanati ikiwa bado na mbuzi ndani. Kijana akapitisha kidole kwenye majina taratibu, akacheka alipolikuta la baba yake likiwa na matofali 40 kati ya 100.

Akauliza kama anaweza kuondoka nalo, alipeleke mjini akatoe nakala, angelirudisha baada ya siku mbili.

Nikamwambia siku ya mnada anakuja mtu mwenye mashine ya fotokopi na jenereta, hakuna haja ya mjini. Akasema basi atalichukua siku hiyo asubuhi. Nikamwambia hapana, mwanangu, anipitie tu. Siku ya mnada akanipitia na pikipiki. Nikapanda nyuma, daftari nimelipakata mwenyewe, na tulipofika nilisimama pale kwenye jenereta mpaka ukurasa wa mwisho ukatoka.